Maombi 187 na kiti kimoja: jinsi tulivyochuja waombaji wa umeneja mradi mara mbili

Novemba 2024 ofisi yetu, iliyoko Mikocheni, Dar es Salaam, ilitangaza nafasi moja ya Meneja Mradi. Kazi yenyewe ni kusimamia ujenzi wa vyoo na mifumo ya maji katika shule za msingi 18, nyingine Temeke na nyingine Mkuranga, kwa miezi 30. Tangazo lilifungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jumatatu asubuhi nilipofungua barua pepe ya maombi nikakuta ujumbe 212. Tulipowaondoa waliotuma mara mbili na mara tatu, maana wapo waliotuma upya kila walipogundua wamekosea herufi, wakabaki waombaji 187.

Kuchuja ilikuwa dhamana yangu. Niko kwenye rasilimali watu miaka mingi na nimeshachuja maombi ya madereva, wahasibu, wauguzi na walinzi. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu orodha yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, na ubovu wake sikuuona mpaka mtu asiye wa fani yangu aliponiuliza swali moja.

Orodha ya kwanza

Tangazo lilitaka shahada ya uhandisi, usimamizi wa miradi au fani inayoshabihiana. Uzoefu usiopungua miaka 5. Na likasema mwenye cheti cha PMP au PRINCE2, vyeti vya kimataifa vya usimamizi wa miradi, atapewa kipaumbele. Rasimu ilikuwa pia na sharti la umri usiozidi miaka 40. Hilo nililifuta mwenyewe. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataja umri kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu, na kwa kifungu hicho hata anayeomba kazi anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Masharti mengine tuliyachota kama yalivyo kutoka tangazo la 2019. Tulikuwa na haraka, na tangazo la zamani lilikuwa tayari kwenye kompyuta.

Mimi na msaidizi wangu tuligawana maombi nusu kwa nusu. Siku ya kwanza nilisoma kwa utulivu. Kufikia mwombaji wa sitini nilikuwa nasoma ukurasa wa kwanza tu: jina, chuo, cheo cha mwisho, miaka, naendelea. Mwaka 2018 kampuni ya Ladders ya Marekani ilifuatilia macho ya watu wa ajira wanapopitia wasifu kwa mara ya kwanza, ikapata wastani wa sekunde 7.4 kwa wasifu mmoja. Zamani nikisikia habari hiyo nilikuwa nasema sisi hatuko hivyo. Jumanne ile saa kumi na nusu jioni, umeme umekatika na feni imesimama, nilikuwa hivyo hivyo.

Jumatano jioni tulikuwa na majina 12. Wote wana shahada, wanane wana shahada ya uzamili, watano wameandika PMP mbele ya majina yao. Wasifu zao zilipangika vizuri, kurasa mbili, vichwa vya rangi ya bluu. Alhamisi nikaziweka mezani mbele ya Mkurugenzi, mhasibu na mhandisi wetu.

Mhandisi ni mtu mzima, ametumia nusu ya maisha yake kwenye maeneo ya ujenzi. Alizisoma zote kumi na mbili kimya, akavua miwani. "Dada, katika hawa, ni yupi amewahi kukataa kusaini hati ya malipo ya mkandarasi?"

Swali lile lilikuwa na historia. Katika mradi uliotangulia, meneja alisaini hati ya malipo ya matenki mawili ambayo misingi yake haikuwa imekomaa. Fedha ikatoka. Mvua za masika zilipokuja, tenki moja likainama, na mkandarasi alikuwa ameshalipwa asilimia kubwa kiasi kwamba hakuwa na sababu ya kurudi haraka. Meneja yule alikuwa na kila sifa iliyoandikwa kwenye tangazo la 2019. Mimi ndiye niliyemchuja.

Nikazipitia upya zile 12 palepale mezani, nikitafuta jibu la Mhandisi. Sikulipata hata kwenye moja. Huenda wapo waliowahi kukataa. Lakini mimi sikuwa nimewasoma kwa kulitafuta hilo, na tangazo halikuwa limewaomba waliseme.

Mkurugenzi akauliza tunahitaji muda gani kuanza upya. Nikamwambia, "Wiki moja, Mama." Zikawa nne.

Vigezo vinavyotoka kwenye kazi

Kabla ya kufungua ombi lolote tena tulikaa asubuhi nzima, Mhandisi, mhasibu, afisa ufuatiliaji na tathmini, na dada wa maendeleo ya jamii anayeshinda kwenye barabara ya Kilwa, Mbagala Rangi Tatu, Kongowe, Vikindu hadi Mkuranga. Sikuwauliza meneja mzuri ana sifa gani. Swali hilo kila mtu analijibu kwa maneno yaleyale: mchapakazi, mbunifu, kiongozi. Niliwauliza mradi uliopita uliumia wapi, lini, na nani alipaswa kuamua nini siku hiyo.

Majibu yalimiminika. Mhasibu alikumbuka robo ya mwaka ambayo mfadhili alizuia fedha kwa sababu marejesho ya masurufu, yaani hesabu za fedha zilizochukuliwa kwa kazi, yalichelewa na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, hazikuwa kamili. Mhandisi akaleta matenki yake. Dada wa jamii alisimulia kisima kilichotoa maji ya chumvi, na kamati ya shule iliyokuwa imeshauri tangu mwanzo kisichimbwe upande ule, ila hakuna aliyewasikiliza. Afisa ufuatiliaji alitaja ripoti tatu zilizoandikwa vizuri kuhusu kazi ambayo haikuwa imefanyika.

Kutokana na maumivu hayo tukapata maswali matano ya kuuliza wasifu wa kila mtu. Je, amewahi kushika fedha na muda wa kazi moja kwa pamoja, au amekuwa akishika kimoja tu? Je, amewahi kumsimamia mkandarasi au fundi kwa mkataba, akapima kazi, akakataa iliyo chini ya kiwango? Maswali haya mawili tuliyapa uzito mara mbili. Yakafuata matatu: amefanya kazi na kamati za wananchi? Anaweza kuandika ripoti inayoeleweka? Na kuna kazi aliyoifikisha mpaka ikakabidhiwa na kipindi cha uangalizi, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro, kikaisha?

Kila swali lilikuwa na alama 0 hadi 3, na hapa ndipo tulipobishana sana, kwa haki kabisa. Tulikubaliana kwamba 0 ni hakuna kitu. 1 ni anadai tu, kama vile "nina uwezo mkubwa wa kusimamia wakandarasi". 2 ni ametoa mfano wenye mahali, wakati na kiasi. 3 ni mfano wa namna hiyo ambao pia unaweza kuulizwa kwa mtu wa tatu, yaani kuna halmashauri, shule au ofisi inayoweza kusema ndiyo au hapana. Jumla ya juu ni 21.

Idadi ya miaka ya uzoefu hatukuipa alama. Mhasibu alishangaa, na wengi wanaosoma hapa watashangaa pia. Chad Van Iddekinge na wenzake walichapisha 2019 uchambuzi uliokusanya tafiti 81 kuhusu uzoefu wa mtu kabla hajaajiriwa na utendaji wake baada ya kuajiriwa, wakakuta uhusiano hafifu mno, 0.06, katika kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Sababu si ngumu kuielewa ukishakaa ofisini. Miaka inahesabu muda ambao mtu alikuwepo. Haisemi aliamua nini alipokuwepo.

Namba badala ya majina

Kwa kuwa nilishaona majina yote, nilijiondoa kwenye kutoa alama. Wasomaji wakawa Mhandisi na afisa ufuatiliaji, kila mmoja peke yake. Dada wa masjala alipewa kazi ya kuficha: akaondoa jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na mahali pa kuzaliwa, akabandika namba. Yeyote aliyewahi kushika wasifu za hapa kwetu anajua zinavyojaa vitu hivyo ambavyo hakuna aliyeviuliza.

Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi takribani 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wasifu zikiwa na uzito uleule ila majina tofauti, na matokeo yao ya 2004 yalionyesha kwamba majina yaliyosikika ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yaliyosikika ya Wamarekani weusi. Kwetu jina linasema dini kabla mtu hajafungua mdomo, na mara nyingi linasema hata mkoa. Simtuhumu mwenzangu yeyote kwa ukabila. Ninachosema ni kwamba mtu akisoma wasifu 187, ubongo unatafuta njia za mkato, na jina ni njia ya mkato iliyo karibu kuliko zote.

Faida ya pili ya namba nilikuwa sijaitegemea. Siku ya tatu ya usomaji, mjumbe mmoja wa bodi alinitumia WhatsApp yenye faili na maneno haya: "Huyu kijana wetu, naomba mumuangalie." Vimemo vya zamani vilikuja kwa karatasi iliyokunjwa, vya sasa vinakuja hivi. Nilimjibu: "Shikamoo Mzee. Kama ameomba kwa barua pepe, basi yumo. Mimi safari hii sitoi alama, na wanaotoa hawaoni majina." Faili sikulifungua. Alipiga simu jioni, tukaongea kwa heshima, akauliza kama nisingeweza kuulizia namba yake tu. Nikamwambia nikiijua namba moja, zote 187 zinakuwa hazina maana. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu." Mazungumzo hayo niliyaandika kwenye jalada la ajira, tarehe na saa. Watu hudhani kimemo kinamdhuru yule mmoja anayekosa nafasi. Kinamdhuru pia kijana aliyeletwa, maana hata akishinda kwa haki hakuna atakayeamini.

Namba 87 na namba 23

Wasomaji wawili walipishana kwa alama zaidi ya 4 kwenye waombaji 31. Hao ndio tuliokaa kuwajadili, na nitawaonyesha wawili kwa karibu.

Namba 87 Mhandisi alimpa 18. Afisa ufuatiliaji alimpa 9. Wasifu wenyewe ulikuwa kurasa nne, umepigwa chapa kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho wa kila kichwa, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Cheo chake cha mwisho: fundi sanifu wa ujenzi katika halmashauri moja ya wilaya. Ukurasa wa kwanza ni shule alizosoma tangu msingi. Ukurasa wa pili ni semina. Katikati ya ukurasa wa tatu, chini ya kichwa "majukumu mengine", kulikuwa na mistari ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: Oktoba hadi Desemba 2021, kusimamia ujenzi wa madarasa 14 katika shule 5 kwa mafundi wa kijiji, fedha iliyopokelewa shilingi milioni 280, kukataa matofali ya lori mbili yaliyoshindwa kipimo, bakaa kurudishwa akaunti ya shule.

Mhandisi aliweka kidole kwenye mstari wa fedha. "Hesabu hii fanya mwenyewe." Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa la sekondari likipewa shilingi milioni 20, yakitakiwa kukamilika kabla shule hazijafunguliwa Januari. Zidisha 14 kwa 20. Inatoka 280. Mtu anayetunga huwa hafiki kwenye namba inayokubaliana na mzunguko wa fedha wa mwaka husika, na hasa hatakumbuka matofali.

Afisa ufuatiliaji hakushawishika upesi. "Lakini Mhandisi, vitenzi vyake havikai. Huyu ripoti ya mfadhili ataiandikaje?"

"Ripoti tutamhariria. Tofali bovu likishaingia ukutani nani atalihariri?"

Nilipoangalia karatasi ya alama nikaona kilichotokea. Afisa alimpa 0 kwenye swali la ripoti, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa. Kisha, bila kujua, akampunguzia na kwenye mengine manne, kana kwamba Kiingereza kibovu ni ushahidi kwamba mtu hawezi kupima zege. Swali moja lilimwagikia yote. Aliporudia, swali kwa swali, akifunika ukurasa uliobaki kwa karatasi, alifika 15. Kwenye ripoti akabaki na 0 yake, na mimi nilimuunga mkono.

Jioni ile nilifungua daftari langu la awamu ya kwanza nikatafuta nilichoandika juu ya mtu huyu. Niliandika: "Fundi sanifu. Kiingereza dhaifu. Hapana." Ukurasa wa tatu sikuufikia. Na jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu kazi tuliyokuwa tunaitafutia mtu inafanyika kwa Kiswahili karibu yote: kwa mafundi, kwa walimu wakuu, kwa wenyeviti wa vijiji. Kiingereza kinahitajika mara moja kwa robo mwaka. Tulikuwa tumekiweka mlangoni kama bawabu, kwa kazi ambayo kinaifanya siku nne kwa miezi mitatu.

Namba 23 alikuwa kinyume chake. Afisa 16, Mhandisi 7. Alikuwemo kwenye orodha yangu ya kwanza, tena namba mbili. Wasifu mzuri, shahada ya uzamili, PMP mbele ya jina, "bajeti ya dola milioni 12". Mhandisi alitaka tusome kila sentensi na kuuliza aliyetenda ni nani. Mradi ulifanikiwa. Lengo lilifikiwa. Timu iliwezesha. Katika kurasa mbili hakukuwa na sentensi hata moja yenye mtu mmoja aliyeamua jambo moja. Pia vyeo vitatu vya umeneja vilikuwa vinapishana ndani ya 2020 hadi 2022, sehemu tatu tofauti, miezi ileile.

Kuhusu PMP, ile taasisi inayoitoa, PMI ya Marekani, ina rejista ya wazi mtandaoni. Mtu unamtafuta kwa jina. Dada wa masjala alimtafuta, hayumo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyempandisha mara ya kwanza, niliomba ruhusa ya kumpigia nijue nilisoma nini. Alikuwa muungwana na mkweli. Alisema alihudhuria mafunzo ya saa 35 hapa mjini, akapewa cheti chenye herufi hizo, mtihani hajafanya. Saa 35 ni sharti la kuruhusiwa kuomba mtihani. Mwenye shahada anatakiwa pia awe ameongoza miradi kwa miezi 36, ndipo afanye mtihani wa maswali 180, na akifaulu aendelee kujifunza ili cheti kihuishwe kila baada ya miaka mitatu. Ile dola milioni 12 ilikuwa bajeti ya mradi mzima. Yeye alikuwa afisa ufuatiliaji ndani yake, na nilipomuuliza aliniambia kazi hiyo ya ufuatiliaji kwa undani na kwa mapenzi kiasi kwamba ningetamani angeiandika hivyo.

Mwingine alijadiliwa kwa sekunde chache tu. Namba 140 alikuwa na pengo la miezi 26. Afisa akauliza, "Alikuwa wapi?" Nikasema katika maswali yetu matano hakuna linalouliza hilo, na huenda jibu ni ujauzito au majukumu ya familia, ambayo kifungu kilekile cha 7 kimeyataja. Tukaendelea. Alama zake zilikuwa 17 na 16.

Shahada ambayo hakuna aliyeihitaji

Tulipopanga alama, waombaji 19 walikuwa juu ya mstari tuliouweka. Dada wa masjala akafunua majina na vyeti. Watatu hawakuwa na shahada, wana stashahada. Namba 87 ni mmoja wao.

Nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Mhasibu ndiye aliyenizuia. "Tangazo lilisema shahada. Hawa watatu wamepuuza sharti wakaomba. Wale mafundi sanifu waliolisoma, wakaliheshimu, wakakaa kimya, wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Naamini hili ndilo swali zito kuliko yote katika kisa hiki, kuzidi hata lile la Mhandisi, kwa sababu linahusu watu ambao hawamo kwenye rundo. Tukiwapitisha watatu, tumewaadhibu waaminifu. Tukiwakata, tumemkata mtu aliyeonyesha kwa namba kwamba kazi anaiweza, kwa sharti tulilolinakili bila kufikiri. Niliusoma mkataba wa mfadhili mstari kwa mstari. Hautaji shahada popote; unasema msimamizi awe "mwenye sifa stahiki". Sharti lilikuwa letu wenyewe.

Mkurugenzi alikuwa anaiangalia kalenda. Masika yanaanza Machi, na misingi ilitakiwa itoke ardhini kabla yake. Nilimwomba siku nane za kutangaza upya, tukisema shahada au stashahada, na tukieleza yale maswali matano waziwazi ili mwombaji ajue anaulizwa nini. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili mhasibu alikuwa upande wangu, akakubali, ila akasema gharama ya kila siku inayopotea ni yetu sote.

Waliokwisha kuomba tuliwaambia maombi yao bado yako hai, wanaotaka waongeze ukurasa mmoja. Tangazo tulilibandika kwenye mbao za halmashauri na kulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi. Yakaja maombi mapya 64. Yalisomwa kwa namna ileile, namba badala ya majina, watu wawili, kila mmoja kivyake.

Waliovuka mstari tuliwapigia simu, dakika 15 kila mmoja, maswali matatu yaleyale kwa Kiswahili, la kwanza likiwa: "Nisimulie siku uliyosimamisha kazi." Wapo waliokuwa na wasifu mzito wakaishia kuzungumzia umuhimu wa ubora. Wapo waliosimulia mpaka rangi ya lori.

Tuliwaita wanane kwenye usaili Januari. Watatu walikuwemo kwenye orodha yangu ya kwanza. Wanne walikuwa kwenye rundo la kwanza nikawakata, 87 na 140 wakiwamo. Mmoja alitoka kwenye tangazo la pili. Kazi aliipata 140. Pengo lake halikuwahi kuulizwa na hakuwahi kulieleza.

Ujumbe kwa waliobaki

Matangazo mengi ya mjini humalizika kwa kusema watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Letu la 2019 lilikuwa na sentensi hiyo pia. Safari hii tuliwajibu wote, ujumbe mfupi wa barua pepe, na tukasema wasifu zao zitahifadhiwa kwa miezi sita kisha zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake ziko kwa nani na zinafanyiwa nini. Kwenye ujumbe tukaandika kwamba anayetaka kujua alama zake apige simu.

Walipiga wachache. Mmoja ni fundi sanifu wa Mbagala aliyeomba kwenye tangazo la pili. Nilimsomea alama zake swali kwa swali. Kwenye swali la mkandarasi alikuwa na 1, kwa sababu aliandika tu kwamba ana uwezo wa kusimamia ubora. Akanyamaza, kisha akasema mwaka 2022 alisimamisha ujenzi wa zahanati kwa siku kumi na moja, nondo zilikuwa nyembamba kuliko mchoro, mpaka zikabadilishwa, na mganga mfawidhi ni shahidi.

"Mbona hukuandika, kaka?"

"Niliogopa dada. Nilidhani mtaniona mgomvi."

Nimeliandika jibu lake pembeni ya rasimu ya tangazo linalofuata, pale tunapomweleza mwombaji aweke nini kwenye barua yake.